Kamba wa Hezron

Hezron Mackey ni shemeji yangu, na kama dada yangu asingekuwa na haraka ya kuolewa, leo ningekuwa naishi kwa amani. Alimwoa Iona, akahamia kwenye ua wa baba yetu hapa kisiwani Andros, akajipa kiti cha baba barazani, na Iona alipofariki hakuondoka. Mimi naishi nyumba ya uani. Kila asubuhi yangu inaanza na sura yake.

Kazi yake ni kuwapeleka wageni kwenye maji ya magotini kutafuta Mfupa, samaki mweupe mwenye nguvu za ajabu na woga wa kutia aibu. Mashua ni ya Bi Rosalind, mwenye hoteli ya wavuvi, ambako mimi ni mpishi. Hezron husimama nyuma na pondo, mgeni mbele na ufito wake, na mwisho wa mshipi kuna kamba wa bandia: ndoana, uzi, manyoya ya kulungu na macho mawili ya shanga. Macho yanafungwa kule kwenye mpindo wa ndoana, maana kamba akishtuka hukimbia kinyumenyume, na mgeni akivuta mshipi ndivyo anavyotakiwa aonekane.

Baba alitufundisha sote wawili, mimi na Hezron, kumfunga kamba huyo, tena alitufundisha kumpima. Unaligeuzia beseni la maji mgongo, mwenzako anamdondosha kamba, wewe unasikiliza. Usiposikia kitu, ni mwepesi mno, upepo utamchezea. Ukisikia kijimlio, anafaa. Ukisikia chubwi, mfungue uanze upya, maana Mfupa naye kasikia na ameshahama mtaa. Hezron hakutaka mtu wa kumdondoshea. Alikuwa akijidondoshea mwenyewe juu ya bega, barazani, huku akitukana kuku wangu. Kamba wangu mimi aliwaita mapambo ya kofia ya kanisani.

Niseme haki yake, ingawa inaniuma: alikuwa hodari. Wageni walimwandikia, wakamletea mashati. Halafu samaki wakaanza kumkimbia. Mgeni anarusha vizuri, kamba anatua, na kundi zima linapasuka na kwenda zake. Hezron akalaumu jua, akalaumu wageni na mikono yao ya ofisini, na vyote vilipokwisha akanilaumu mimi. Alimwambia Bi Rosalind kwamba nashika kamba wake kwa mikono yenye kitunguu ili samaki wanuse na kukimbia.

Watu wa hapa wanaamini mambo ya harufu. Bi Rosalind alinifuata jikoni nikikoroga wali wa mbaazi, akaniambia bila kuzunguka kwamba mmoja wetu anamharibia biashara, na jioni ile atajua ni nani. Ama mashua inatoka kwa Hezron inakwenda kwa Kermit, mwongozaji mwingine wa wageni, ama jiko linatoka kwangu. Kwa hasira nikaunguza wali.

Mgeni wa siku ile alirudi mikono mitupu, akatupa kofia yake mezani kwangu, akaenda kuoga. Kwenye kofia alikuwa amechomeka kamba wa Hezron. Nikamchomoa, nikamdondosha kwenye beseni la vyombo.

Chubwi. Maji yakaniruka hadi kifuani.

Nikamkagua. Chini ya manyoya mazuri, yaliyofungwa vile vile alivyofundishwa na baba, kulikuwa na waya wa risasi umezungushwa tabaka juu ya tabaka. Hapo nikaelewa, na sitadanganya, nilifurahi. Mashine ya mashua ilikuwa imemla masikio miaka yote hiyo. Alikuwa akiongeza waya mpaka asikie mlio ule anaoujua, na kila mwaka ukahitaji waya zaidi.

Nikabeba beseni mpaka gatini, na kamba wawili, wake na wangu. Bi Rosalind alikuwepo, na Kermit, na wavulana wa mashua. Nikamwita Hezron kwa sauti. Akageuka nilipomgusa bega.

"Unataka nini, mama kitunguu?"

"Tupime. Wako na wangu. Tupe mgongo useme yupi anafaa."

Akacheka, akageuka, akakunja mikono. Nikamdondosha wangu. Kijimlio kile, kila mtu alikisikia.

"Anza basi, shemeji," Hezron akasema. "Au unaogopa?"

Kermit akaangalia chini. Nilikuwa na nafasi ya kuacha hapo, nibebe beseni langu nirudi jikoni. Sikuitaka. Nikamdondosha wa kwake, na maji yakaruka yakamlowesha Bi Rosalind viatu.

Hezron akainua kidole, uso umemng'aa kama siku ya harusi yake.

"Huyo hapo! Huyo ni wangu. Mmesikia? Mdogo, safi. Baba yako angeniamkia."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonichoma. Akageuka, akatutazama mmoja mmoja, akingoja tukubali. Bi Rosalind alikuwa tayari amenyoosha mkono kudai ufunguo wa mashua. Hezron akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, akamshukuru kwa kuwa mtu wa haki.