Mshale wa Joto Unaoruka kwa Swichi ya Taa

Bisha unavyotaka, lakini juzi kwenye gereji moja ya Themi, nilikokaa nikinywa chai, niliokoa injini isifunguliwe, mimi niliyeacha shule kidato cha pili.

Mama mmoja alileta gari, mshale wa joto kwenye dashibodi unaruka. Baba yake alikuwa ameruhusiwa hospitali Nkoaranga, anamsubiri. Fundi hakufungua hata boneti. Alifuta mikono kwa kitambaa akasema, "Mama, hiyo gasketi imeungua, maji yanachemka. Tunafungua injini, liache wiki."

"Na mzee wangu?"

"Si apande bodaboda."

Mzee katoka kupasuliwa, ashuke na bodaboda njia ile ya mlimani yenye mashimo? Nilichemka kuliko injini yenyewe. Nikaingia garini, nikawasha taa. Mshale ukaruka juu. Nikazima, ukashuka palepale.

"Fundi," nikamuuliza, "tangu lini maji ya moto yanapozwa na swichi ya taa?"

Akakuna shingo. Tulipofungua boneti, maji yalikuwa yamejaa, ila waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ulikuwa umelegea, ndiyo maana taa zikiwaka mshale ulidanganya. Nikaukaza kwa spana, mshale ukatulia, mama akaondoka kumfuata mzee wake.

Hivi mafundi wa Arusha, masikio yenu mmemwachia nani? Anayeshinda na gari ni mteja, halafu ninyi mnamwona kama abiria tu.

Haya, kuna sehemu nimeiruka. Mama alipofika tu alisema, "Mshale unapanda nikiwasha taa." Fundi alitabasamu. Aliyecheka mpaka akamwaga chai ni mimi.