Kiwanja cha Ndege Kilipofika Nyumbani kwa Mama

Mama alizaliwa kisiwani, akaolewa Bagamoyo, na kwa miaka mingi alikuwa akienda kwao kwa boti. Miguu ilipoanza kumvimba akaacha safari. Mwaka jana aliniambia anataka kwenda kuzuru makaburi ya wazee wake kabla ya Ramadhani, na kwamba safari hii atapanda ndege.

Nilimpigia simu mjomba, mdogo wake mama, aliyebaki kisiwani. Akasema, "Mwambie asubiri mvua zipite." Mvua zikapita. Akasema nyumba inapakwa chokaa. Mama akachoka. "Kwani mimi mgeni pale? Tutafika tu." Tukatoka kwetu Dunda, pale Bagamoyo, asubuhi, tukaenda Dar, tukapanda ndege ndogo ambayo hata mgongo wa rubani unauona.

Njiani alichangamka kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu. Alinieleza kiwanja cha ndege cha utotoni mwake, uwanja wa majani tu. Kabla ndege haijatua, mzee mmoja alipita na baiskeli akipiga kengele kufukuza ng'ombe. Abiria walipimwa uzito kwenye mizani ya mbata, zile nazi zilizokaushwa, na mnene akipanda, watu wote wanacheka naye akiwemo. Ofisi ilikuwa banda la mabati lenye benchi moja. Abiria akishikwa na kiu, anakuja kuomba maji kwao.

"Maana nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza ukimaliza uwanja," alisema. "Nyuma yake makaburi yetu, halafu minazi. Utaiona tukishuka."

Ndege ikainama. Mama akabandika paji la uso kwenye kioo.

"Mbona siioni?"

"Labda tumekuja kwa upande mwingine," nikamwambia.

Tukatua kwenye lami nyeusi, laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Jengo lilikuwa jipya, la vioo, na mbele yake gari jekundu la zimamoto. Ndani mlikuwa na mkanda wa mizigo, chumba cha kusalia na kibanda cha chai. Mimi nilikuwa nimetoa simu, napiga picha. Mama alimsogelea muuza chai, mwanamke wa rika langu.

"Mwanangu, zile nyumba za karibu na kisima cha msikiti ziko upande gani?"

"Zile za zamani, bibi? Si ndipo mlipotua?" alijibu huku akimimina chai. "Walizivunja walipourefusha uwanja, ndege kubwa zipate kushuka. Watu wamehamia ng'ambo ya barabara."

Nilikuwa bado nimeinua simu. Sikumbuki niliishushaje. Mama hakupiga kelele wala hakuyumba, ila midomo yake ilibadilika rangi, nikamvutia kiti.

Mjomba, niliyempigia simu tukiwa Dar, aliingia na kanzu yake nyeupe, akatuona, na usoni mwake nikajua kwamba amejua tumeshaambiwa.

"Shikamoo, dada."

Mama hakuitikia. Maishani mwangu sijawahi kumwona akiacha salamu ya mtu.

"Nyumba iko wapi?"

"Dada, presha yako. Niliogopa. Nikasema nitakwambia ukipata nafuu."

"Na makaburi?"

"Tumewahamisha wote. Nilisimama mwenyewe, na masheikh walikuwepo. Baba, mama, babu, bibi, shangazi. Wallahi hakubaki mtu."

"Na mwanangu je?"

Mjomba akanitazama mimi. Nami nikamtazama mama. Nimekua nikijua kwamba mtoto wake ni mimi peke yangu. Nikadhani mshtuko umempotezea fahamu.

"Mama, mimi niko hapa."

"Sikusemi wewe."

Pale pale kitini, watu wakipita na mabegi yao, akatueleza. Kabla yangu alizaa mvulana. Alikuwa amerudi kwao kujifungua, kama ilivyo desturi. Mtoto hakuifikia siku ya saba, siku ya kupewa jina. Babu alimzika kando ya makaburi ya wazee, karibu na ukuta wa jiko, akaweka jiwe la matumbawe kichwani. Mjomba wakati huo alikuwa shuleni Tanga. Aliporudi hakuna aliyemweleza, na mama hakutaka jambo lile lizungumzwe tena.

"Jiwe kubwa kiasi gani?" mjomba aliuliza.

"Kama mkate."

Mjomba akakaa chini sakafuni na kanzu yake. "Karibu na jiko," alisema. "Nililing'oa mwenyewe. Nilidhani la kufulia. Nikalitupa kwenye kifusi."

Nilikuwa nikiwaza kitu kimoja tu cha kipuuzi: kwamba mimi si kifungua mimba.

Aliyekuwa zamuni pale, dada mmoja aliyevaa sare, alitukuta hivyo. Mama akamwomba tupelekwe mahali lilipokuwa jiwe. Yeye akasema hairuhusiwi mtu kuingia uwanjani. Kisha akamtazama tena mama, akaenda kuzungumza na wenzake. Ndege ya alasiri ilipoondoka, watu wa zimamoto wakatupakia garini mwao hadi pembeni mwa lami.

"Ni wapi?" mama akauliza.

Mjomba alinyoosha mkono. Akasita, akaupeleka kushoto zaidi, akaurudisha. Akaushusha. Minazi haikuwepo, kisima hakikuwepo, hapakuwa na cha kupimia. Mama akainua mikono, akausomea Fatiha uwanja mzima. Wale vijana wa zimamoto wakainua mikono yao pamoja naye.

Kwa mjomba tulikaa siku chache. Mama alianza kusema naye siku ya pili, kwanza kuhusu chumvi ya mchuzi, baadaye kuhusu mengine. Wakati wa kurudi mjomba alitaka kututafutia boti, tusipite tena juu ya lami ile. Mama akakataa.

Ndege ilipoanza kukimbia nilishika kiti kwa mikono miwili, nikainua miguu juu kama mtoto, maana sikujua nakanyaga nini. Mama alikaa wima. Nikamuuliza kama yeye na baba walikuwa wameshamfikiria mtoto yule jina.

"Marehemu baba yako alikuwa ameshalichagua," alisema, akaniinamia sikioni kwa sababu ya mngurumo, akanitajia.