Nusu Niliyoichomoa

Mwanangu, siku nyingi za ujana wangu zimenitoka, lakini Jumamosi moja ya miaka ile ya vijiji vya ujamaa naikumbuka hata harufu yake: wino, mafuta ya taa ya kuoshea herufi, na vumbi la Tabora linalongoja mvua.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji karibu na soko. Kazi hiyo wewe hukuikuta. Kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi. Tuliviokota kimoja kimoja kutoka kwenye kasha la mbao lenye vijumba, tukavipanga mstari kwa mstari mpaka ukurasa ukamilike. Karatasi ya majaribio ilichapwa, ikasomwa, ikasahihishwa, mwenye kazi akatia saini. Baada ya hapo ukurasa ulifungwa kwa uzi na kuwekwa juu ya meza ya jiwe kungoja mashine. Ukurasa uliofungwa uzi hauguswi. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya Mzee Sefu, mkuu wetu, mtu wa Tabora mjini aliyeifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa.

Makasha yetu yalitengenezwa Ulaya, kwa lugha za huko. Herufi e zilijaa pomoni. A na k, ambazo Kiswahili hakiendi hatua mbili bila hizo, zilituishia kabla ya kufika nusu ya ukurasa. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana wapanga herufi wa mji mzima walikuja kwetu, wa misheni na wa ofisini, tukanywa chai na kubishana. Nani ana a za kuazima? Herufi zipi zinamfaa msomaji mgeni, maana watu wazima walikuwa wanajifunza kusoma kila kijiji? Yohana, Mmoraviani wa kiwanda cha misheni, alizipenda herufi kavu, zisizo na vijiguu, vile vistari vidogo kwenye ncha za herufi. Mzee Sefu alitetea zenye vijiguu, akisema jicho la mgeni linahitaji sakafu ya kutembelea. Hawakupatana hata siku moja, na nadhani hawakutaka kupatana.

Jumamosi ile mjadala ulikuwa juu ya kupungukiwa. Mzee Sefu alikuwa na njia yake ya zamani: herufi ikikosekana, chukua kipande chochote, kisimamishe kichwa chini. Kikichapwa kitatoa doa jeusi, na hakuna atakayepita bila kuliona. Yohana akamcheka mtani wake.

"Karatasi yenu ya juzi, Mzee, niliiona ina madoa kama mtu aliyetoka ndui."

"Ndui inayoonekana hutengwa," Mzee Sefu akamjibu. "Mimi naogopa isiyoonekana."

Nami, kwa kiburi cha umri ule, nikadakia kwamba ukurasa wangu haujawahi kuwa na doa, na hautakuwa nalo. Wakacheka. Mzee Sefu hakucheka.

Wageni walipoondoka nilibaki kumaliza tangazo la duka la ushirika: sukari, kilo ½ kwa kila nyumba. Alama ile ya nusu ilikuwa kipande kimoja cha risasi, na kashani zilikuwamo chache mno. Nilipungukiwa moja. Ningeweza kuandika neno lenyewe. Neno nusu, mwanangu, halina a wala k, na herufi zake zote zilikuwapo. Lakini nafasi ya tangazo ilikuwa nyembamba, na mimi nilitaka safu yangu inyooke.

Juu ya meza ya jiwe palikuwa na ukurasa uliofungwa uzi, karatasi ya maelekezo ya dawa ya malaria kwa zahanati za vijijini. Ulishasomwa na kutiwa saini, ukingoja karatasi ambazo tuliambiwa zingefika wiki ijayo. Kwenye safu ya vidonge, mstari wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, palikuwa na nusu. Nikaichomoa kwa kibanio.

Sasa sikiliza kosa langu lilipo. Kuchomoa kulikuwa kosa dogo. Ningesimamisha kipande kichwa chini, mwenye mashine angeona doa akasimama. Lakini doa lingesema pia kwamba mtu amegusa ukurasa uliofungwa, nami nilikuwa nimejisifu saa moja tu iliyopita. Nikatafuta kitu kitakachojaa vizuri pale. Nikapata tarakimu ya 2, nikaibana kwa kijikaratasi, ikakaa kama iliyozaliwa hapo. Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba. Nikajiambia Jumatatu nitairudisha nusu mahali pake.

Jumatatu wafanyakazi tuligawanywa. Kundi letu lilipelekwa kijiji cha Ntalikwa kulima shamba la pamoja. Nililima siku nzima bila kuikumbuka. Niliporudi kazini Jumanne asubuhi, meza ya jiwe ilikuwa tupu. Karatasi zilifika mapema, mwenye mashine alichapa Jumatatu tangu alfajiri, na mabunda yalipanda treni ya mchana kuelekea mashariki. Karatasi moja ilikuwa imetundikwa msumarini. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja: 2. Wa mwaka mmoja hadi mitano: 1. Ilikuwa imechapwa vizuri sana.

 Hakuna aliyejua ila mimi. Nilirudi kwenye kasha langu, nikapanga herufi. Nikawaza kwamba matabibu wana akili, wataliona. Nikawaza kwamba nitafungwa, maana siku zile neno hujuma halikuwa mbali na midomo ya watu. Nikawaza kwamba saini ni ya mwenye kazi, basi lawama ni yake. Nikamwona mtoto mchanga, asiye na sura, amelala juu ya kanga. Mpaka saa nne nilikuwa kimya, na hayo masaa matatu ndiyo ninayoyaonea haya mpaka leo kuliko ile tarakimu.

Hatimaye nilimwendea Mzee Sefu nikamweleza. Hakufoka. Aliuliza neno moja tu.

"Uliweka nini pahali pake?"

"Mbili, Mzee."

Aliketi juu ya bunda la karatasi. Kisha akasema, "Vaa viatu."

Stesheni tuliomba simu ya reli. Vituo vyote vikajibu kwamba mabunda yako stoo, hayajafunguliwa, isipokuwa Tura. Tabibu wa Tura aliliona kosa mara moja na kuzuia zake, lakini bunda moja lilikuwa limechukuliwa asubuhi na mwalimu wa kisomo cha watu wazima, akaenda nalo kwa baiskeli kijiji cha ndani. Tabibu alikuwa peke yake na foleni ya wagonjwa. Tukapata nafasi kwenye behewa la mwisho la treni ya mizigo. Njia nzima Mzee Sefu alivuta tasbihi. Mimi nilihesabu vibao vya maili, na treni ile haikuwa na haraka.

Tura tuliazima baiskeli mbili. Mwalimu tulimkuta barazani pa shule. Alikuwa amegawa karatasi tano tu kwa wanafunzi wake, akatuandikia majina. Nyumba nne za kwanza hazikuwa na mgonjwa. Ya tano ilikuwa ya Mama Kabula, mwanamke wa makamo ya dada yangu. Alikuwa ameketi mlangoni, mtoto mapajani, karatasi yetu ameikunja vizuri chini ya chupa ya vidonge. Tulipobisha akatuamkia, "Shikamoo Mzee," na Mzee Sefu akasahau kuitikia.

"Mama, umempa dawa?"

"Nimempa kimoja, akakitapika chote. Nangoja atulie nimpe tena, maana karatasi inasema viwili." Aliifunua atuonyeshe, kwa fahari ya mtu aliyejua kusoma mwaka huohuo. "Nilijiuliza mbona mchanga anamzidi kaka yake. Nikasema basi, wa Tabora wanajua."

Nikapiga magoti pale vumbini nikamwambia kwamba wa Tabora hawakujua, na kwamba wa Tabora ni mimi.  Akamkumbatia mtoto akamgeuzia upande wa pili, mbali nami. Hakunitukana, na mpaka leo natamani angenitukana.

Tuliwabeba mtoto na mama yake mpaka Tura. Tabibu alimsikiliza moyo, akasema tumngoje. Tukangoja mpaka usiku ukaingia, kila mara mimi nikitazama kifua kile kidogo kama kinapanda. Alipoanza kulia kwa njaa na kunyonya, Mzee Sefu alitoka nje akasali. Tuliporudi Tabora tulichapa upya karatasi zote, nami ndiye niliyezikata kwa mkono wangu. Nilisimamishwa kazi miezi miwili. Ilikuwa haki.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua, na mimi Mungu alinifichua kabla ya kilio. Nasaha yangu ni hii. Utapungukiwa, katika kazi yoyote utakayoshika, kwa kuwa hakuna kasha lililotengenezwa likatosha. Ukipungukiwa, acha pengo lionekane. Weka doa, na uvumilie kuchekwa. Usizibe kwa kitu kinachofanana na ukweli, kwa sababu mtu wa mbali asiyekujua atakiamini, na imani yake ndiyo itakayomdhuru. Na ukishakosea, usikae kimya hata kwa muda wa kumaliza mstari.

Mola akupe mkono mtulivu na ulimi mwepesi wa kukiri. Akulinde wewe, na awalinde wote watakaosoma kazi yako wasiokujua jina.