Chumba Chini ya Sebule

Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa mara nyingine, nasi wanafunzi tulikuwa tumerudishwa makwetu bila kuambiwa tungeitwa lini. Nilifika Kisumu na sanduku la vitabu ambavyo sikuwa na utulivu wa kuvisoma. Nikikaa, nilitaka kusimama. Nikisimama, nilitoka hadi langoni. Nikifika langoni, niliona kwamba sina ninakokwenda. Baba, aliyekuwa amestaafu ukarani na ambaye naye hakuwa amejifunza kukaa, alinitazama kwa siku kadhaa, kisha akanipa sururu.

Nyumba yetu ilisimama kwenye mteremko. Mbele msingi ulikuwa mfupi; nyuma ulipanda juu kuliko kimo cha mtu, nao ulikuwa umejazwa udongo na kufunikwa kwa sakafu ya sebule. Mama aliuza mitumba katika soko la Kibuye, na marobota yake ya nguo yalikuwa yameiteka sebule, hata mgeni akija tulimkalisha juu yake. Majirani walikuwa wametubana pande zote.

“Kando hatuwezi kwenda,” baba alisema. “Tutakwenda chini.”

Alimleta fundi kutoka mtaa wa Nyalenda, mtu wa mkoa wa kati aliyehamia kwetu kwa biashara ya mawe akaishia kuyajenga. Fundi alikuwa na sheria moja tu: tuchimbe kipande kifupi chini ya ukuta, tujenge nguzo ya mawe na saruji, tungoje ikauke, kisha turuke na kuchimba mahali pengine mbali nayo. Kungoja ndiko kulikotushinda. Baba aliigusa saruji kila baada ya chai, kama mama anayepima joto la mtoto.

“Mzee, iache,” fundi alimwambia. “Haikauki kwa kuogopa kidole chako.”

Shimo lilipofika mabegani, nyanya, mamake baba, akaja kutusalimu kutoka Pap Onditi, kuku akiwa kwapani. Alizunguka nyuma ya nyumba akamkuta mwanawe amesimama ndani ya shimo, wima, mikono ubavuni, akiniamuru niweke alama ya chaki ukutani penye utosi wake, ili tujue kina kinachotosha.

Kuku alimponyoka.

“Wewe! Nani alikufundisha kupima shimo kwa mtu aliye hai?”

“Mama, hiki ni chumba.”

“Chumba kina mlango. Hicho kina mdomo.”

Kwetu, shimo linalotosha mtu haliachwi wazi ndani ya boma. Kaburi likichimbwa na maiti isifike, huzikwa shina la mgomba, ili ardhi isidai iliyoahidiwa. Nyanya alitaka mgomba. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa na mwenye haya mbele ya fundi, alikataa kuzika mgomba chini ya sebule yake. Walibishana mpaka samaki wa mama wakaungua jikoni. Mama aliiepua sufuria, akafunga nguo zake katika leso, akasimama kando ya mavyaa wake, tayari kufuatana naye kijijini.

“Siendi kwa hasira, Baba,” alimwambia mumewe. “Nakwenda kwa woga. Shimo likiwa chumba, nitarudi.”

“Nani ataamua kwamba limekuwa chumba?”

“Mimi. Nitapika humo.”

Nyumba ambayo mwanamke hajawasha moto ndani yake, kwetu, ni mawe yaliyopangwa tu.

Tangu hapo hatukuchimba tena chumba cha marobota. Tulichimba ili mama arudi. Baba alitaka tuache kungoja, tuchimbe vipande viwili kwa pamoja. Fundi alikalia mfuko wa saruji na kusema kwamba angesimama tu sheria ikifuatwa. Tulikula mkate na chai, na dagaa niliowaunguza mwenyewe. Mawingu ya masika yalikuwa yakijipanga juu ya ziwa, nami nilikwenda kuyatazama mara nyingi kupita kiasi. Asubuhi moja niliona ufa umeteremka kwenye ukuta wa sebule, mwembamba kama unywele. Nilimwita baba. Aliutazama, akaupapasa, akaenda kuleta kalenda na msumari.

Hatimaye palikuwa na kuta zilizopakwa chokaa, sakafu ya zege, na mlango upande wa mteremko. Baba alitembeza kiganja ukutani. “Hata sisimizi hapati upenyo,” alisema. Kisha akavaa koti lake la kanisani, akaenda Pap Onditi mwenyewe.

Alirudi nao wote wawili. Mama aliingia na mafiga matatu, kuni na sufuria. Nyanya alikaa nje kwenye kigoda, mbali kidogo na mlango. Moto ulishika. Moshi ulipanda, ukagusa dari, ukageuka, ukatushukia. Tulikohoa kama mbuzi. Mlango uliokuwa wazi haukusaidia. Upepo wa ziwa uliurudisha moshi ndani.

Nyanya aliangua kicheko huko nje. “Wanaume wazima wamejenga, na hakuna aliyekumbuka kwamba moto una moshi!”

“Mama, toka!” baba alimsihi mkewe.

“Nikitoka ugali haujaiva, nimetoka kabisa,” mama alijibu, machozi yakimtiririka, mwiko haujasimama. “Toboa ukuta.”

Baba aliutazama ukuta wake mweupe. Kisha akachukua mtaimbo, akapiga karibu na dari, mara moja kwa woga, mara nyingi kwa nguvu, mpaka jiwe likaangukia nje na mwanga ukaingia. Moshi ukaufuata kuelekea nje. Ugali ulikuwa mbichi upande mmoja. Tuliumaliza. Nyanya alikula wake nje, bila kukanyaga kizingiti.

“Leteni marobota,” mama alisema.

Chuo kilifunguliwa baadaye nikaondoka, nami sikuwahi kuiamini tena sakafu ile ya sebule. Hata leo, nikiingia katika nyumba ya mtu, huigonga sakafu kwa kisigino kabla ya kuketi. Mama aliishi juu ya ile yetu miaka yake yote. Nilidhani hakujua habari ya ufa. Lakini kila Januari hakukubali mtu mwingine abadilishe kalenda. Aliitungua ya zamani, akausogeza uso karibu na ukuta kwa muda, akatundika mpya, kisha akateremka kwenda kupanga nguo zake.