Feni ya Marlys na Funza wa Delbert

Delbert Aune alikuwa akiweka funza mdomoni. Si kwa bahati mbaya, wala si kwa njaa. Aliwatia kati ya fizi na mdomo wa chini, watatu au wanne kwa mpigo, akakaa nao asubuhi nzima huku akiutazama mshipi wake ulioingia kwenye tundu la barafu. Samaki akila chambo na kukimbia nacho, Delbert alijichokoa mdomoni kwa kidole, akatoa mwingine, akamchoma kwenye ndoana. Mkewe Marlys alilishuhudia jambo hilo kila majira ya baridi tangu waoane. Wanawake wenzake pale Torvik walimwambia atazoea tu. Uongo mtupu. Hakuzoea hata siku moja, alijifunza tu kutazama pembeni.

Wanaume wote wa Ziwa Halvor walifanya hivyo, na ukiwauliza walikuwa na hoja. Ndani ya kibanda cha kuvulia, kile kinachosimamishwa juu ya ziwa lililoganda, jiko la gesi likiwaka, joto lote hupanda juu na kujazana darini. Ukisimama, kipara kinatoka jasho. Ukiketi, magoti yanaanza kulalamika. Na miguu, iliyoko pale chini kwenye mbao zilizolala juu ya barafu, inakufa ganzi hata ndani ya buti nene. Basi kopo la funza ukiliweka sakafuni, wanaganda na kuwa wagumu kama punje za mchele. Ukiliweka kwenye rafu ya juu, joto linawazidi, wanaanza kugeuka nzi. Mahali pa kadiri, walisema wanaume, ni mdomoni tu. Delbert alimfafanulia Marlys hayo mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kwa fahari kubwa, halafu akataka kumpiga busu.

Hebu fikiria mwenyewe. Mtu anakula mkate kwa mdomo huohuo. Anaimba kanisani kwa mdomo huohuo. Lyle Torgerson, jirani yao ambaye kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka chao, alikuwa hodari kuliko wote katika uchafu huu. Siku moja Delbert aliishiwa chambo, na Lyle akachokoa mmoja kwenye shavu lake, akamnyooshea mkono na kumwambia mchukue huyu, bado wa moto. Delbert akampokea. Akamtia wapi? Mdomoni mwake, kwa sababu wakati huo ndoana yake ilikuwa bado majini. Marlys alitoka nje akasimama kwenye upepo, kisha akarudi kwa sababu nje kulikuwa hakukaliki.

Sasa utauliza, huyu mwanamke alifuata nini huko ziwani? Alifuata maneno. Nyumbani Delbert alikuwa mtu wa kupita tu. Ukimwuliza jambo zito jikoni, anachukua kofia. Ukimwuliza kitandani, ameshalala. Jibu lake lilikuwa moja siku zote: tutaongea ziwani. Na kwa kweli zamani, walipokuwa vijana na samaki hawana haraka, waliwahi kuongea ziwani. Mle ndani ndimo walimochagua jina la binti yao, Britta. Marlys hakusahau hilo, na ndilo lililomrudisha kwenye ule uvundo kila mwaka, akiwa na themosi ya kahawa na lefse zake, ile mikate myembamba ya viazi, zimefungwa kwenye kitambaa.

Jambo zito la mwaka huu lilikuwa Britta mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma aliuvunja uchumba wake na Curtis, mtoto wa Lyle, wageni wakiwa wameshaalikwa na keki imeshaokwa. Akaenda kuishi mbali, upande wa Kanada, na huko akaolewa na mwanamume mwingine. Delbert aliona ameaibishwa mbele ya rafiki yake, na tangu hapo jina la mwanawe halikumtoka kinywani. Kumbe Lyle hakuwa na kinyongo. Curtis alioa mwaka uliofuata, akanenepa, na Lyle kila alipoingia kwenye kibanda alimwuliza Marlys, Britta hajambo? Delbert alikuwa akiyasikia hayo na kujitia hamnazo.

Mwezi wa Februari Britta alipiga simu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na alitaka kumleta nyumbani wakati wa Pasaka.

“Lakini mama, siji kusimama mlangoni kama mchuuzi,” alisema. “Mwulize baba. Anatutaka, au hatutaki? Nataka neno moja tu, na litoke kwake. Akikataa sitauliza tena.”

Marlys alimwuliza Delbert usiku huohuo, sahani zikiwa bado mezani. Delbert akatafuta kofia yake. Akasema tutaongea ziwani.

Wakaenda ziwani. Marlys akauliza. Delbert akaelekeza kidole kwenye mdomo wake uliovimba, akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyezuiwa na daktari kusema. Wiki nzima ikawa hivyo, na wiki iliyofuata. Vibanda vilikuwa karibu kuondolewa, maana katikati ya Machi sheria haitaki kuona kibanda juu ya barafu, na Marlys alijua kwamba kibanda kikishatolewa hakutakuwa na ziwani tena mpaka mwaka mwingine. Akaanza kuwachukia wale funza kuliko alivyowahi kuwachukia. Aliwaona ndio waliokaa kati ya mjukuu wake na nyumba yake.

Basi akaamua kuwatafutia funza mahali pengine pa kukaa.

Marlys alikuwa amepika miaka mingi kwenye jiko la shule ya Torvik, na alijua tabia ya joto kama anavyoijua kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya tanuri. Tatizo la kibanda halikuwa joto kukosekana. Lilikuwepo tele, ila lilikuwa halishuki. Alitoa feni ndogo kwenye kompyuta mbovu iliyokuwa imelala gereji. Akachukua lile bomba laini la kujikunja la mashine ya zamani ya kukaushia nguo. Asubuhi moja Delbert alipokwenda mjini, aliendesha pikapu mpaka kibandani akafanya kazi peke yake. Alifunga feni juu pembeni, karibu kabisa na dari, akaivisha bomba, akaliteremsha bomba kwenye kona mpaka nyuma ya benchi na kuuelekeza mdomo wake sakafuni. Nyaya akaziunga kwenye betri ya gari. Alipofika kwenye tundu la kuingizia hewa ukutani akakuta Delbert ameliziba kwa soksi kuukuu. Akaing'oa ile soksi kwa koleo, maana kwa mkono hakuweza, akaitupa nje. Jiko la gesi linataka hewa, na hakutaka kumuua mtu kabla hajajibu.

Kisha akawasha jiko, akasubiri kidogo, akawasha feni.

Mungu wangu, harufu! Kila kitu kilichokuwa kimepanda darini kwa miaka yote kilishuka kwa pamoja na kumjia usoni. Soksi zilizoanikwa kwenye misumari. Mafuta ya kukaangia. Kiko cha Lyle. Utumbo wa samaki wa mwaka juzi, na kitu kingine chachu ambacho hakukijua wala hakutaka kukijua. Marlys alijifunga skafu puani, akakaa kwenye benchi machozi yakimtoka. Lakini vidole vya miguu vilikuwa na joto. Mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa alikaa ndani ya kibanda kile na kuvihisi vidole vyote. Alikata kipande cha siagi akakiweka sakafuni karibu na tundu la barafu. Baada ya muda akakibonyeza kwa kidole, na kidole kikazama.

Siku ya pili alimpeleka Delbert. Delbert aliingia, akasimama, akatazama buti zake. Akavua glavu. Akakaa, akanyoosha miguu, na ukimjua Delbert hiyo ni hotuba nzima. Lyle alisikia mvumo wa feni akaja kuchungulia, shavu moja limejaa.

“Shemeji, humu mmefungua hoteli?” alisema, akiyatoa maneno kidogo kidogo ili funza wasimtoke. “Mimi kule miguu si yangu tena. Delbert, huyu mwanamke usimwachie akatoka.”

Aliuliza kama Britta hajambo. Marlys akasema hajambo, na ana mtoto. Lyle akafurahi kweli, akasema wamlete wamwone, mkewe Jeannette ana nguo za kitoto zimejaa sanduku. Akachukua lefse moja kwenye kitambaa, akaila upande wa pili wa mdomo, akaondoka. Marlys alizitazama zile zilizobaki na hakuweza kuzigusa.

Alipotoka Lyle, Marlys alilitoa kopo la funza kwenye koti la Delbert, akalifungua, akaliweka sakafuni kando ya buti yake. Wakangoja. Delbert alivuta sangara mmoja wa manjano, kisha mwingine. Kopo lilikuwa wazi, na ndani yake funza walikuwa wakijipinda na kupandana, weupe, wanene, wazima wa afya. Walikuwa wanamtia Marlys kichefuchefu lakini aliwatazama kwa furaha. Hawakuganda hata mmoja. Hoja ya wanaume wa Ziwa Halvor ilikuwa imekwisha pale pale.

Akapiga moyo konde.

“Delbert. Britta anasubiri simu yangu leo. Aje na mtoto, au asije?”

Delbert alilitazama tundu. Akapandisha mshipi kidogo, akaushusha. Marlys aliona koo lake likipanda, akajua maneno yapo, yamefika hapo kooni. Akajisogeza mbele kwenye benchi.

Delbert akainama. Akatia vidole kwenye lile kopo lenye joto, akachagua watatu walionona, akavuta mdomo wa chini na kuwapanga mle ndani mmoja mmoja. Akaufunga mdomo. Kisha akamgeukia mkewe, akanyoosha kidole mdomoni, akatikisa kichwa kwa huzuni ileile.

 Safari hii waliomchefua Marlys hawakuwa funza. Maskini wale wadudu hawakumkosea mtu, na miaka yote hiyo alikuwa amewasingizia. Alimtazama mwanamume yule, mdomo wake umetuna, macho makavu, miguu yake imestarehe kwenye joto alilomshushia yeye, na akamwona mchafu. Mchafu wa moyo, si wa mdomo. Mtu mzima amejificha nyuma ya funza watatu asimwambie mwanawe karibu.

“Hawagandi tena,” alisema polepole. “Kopo lina joto, nimeligusa. Na Lyle umemsikia mwenyewe. Sasa niambie, humo mdomoni unamfukuzia nani baridi?”

Delbert akautingisha mshipi.

Marlys akasimama. Akavaa koti, akafunga themosi, akaziacha lefse zilipo. Akapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, akachomoa waya, na ule mvumo ukakatika. Alifungua skrubu kwa kisu cha kupakia siagi, akaivua feni kwenye bomba, akaikumbatia kifuani.  Alikuwa ameshika komeo la mlango aliposikia nyuma yake mtu akitema kwenye kiganja.

Akageuka. Delbert alikuwa na funza mkononi na mdomo mtupu. Marlys alisimama pale, feni kifuani. Angeweza kumsamehe yote, funza, kofia, usingizi, miaka yote, kwa neno moja tu.

“Feni,” Delbert alisema. “Iache.”



“Nilikuomba neno moja,” alisema Marlys. “Umenipa mawili.”

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake ili joto lisitoke, kwa mazoea tu. Lyle alikuwa nje akitoboa tundu jipya kwa keekee. Alipomwona na feni mkononi alisimamisha kazi na kuuliza, shemeji, imeharibika mapema hivyo?

“Feni ni nzima, Lyle,” alisema Marlys. “Jioni mrudishe Delbert kwa gari lako. Hili letu nalichukua mimi.”

Aliendesha juu ya barafu mpaka ukingoni, madirisha wazi, kwa sababu nywele zake zilikuwa zinanuka dari. Pale penye miti simu ikapata mtandao. Britta alipokea kabla haijaita mara mbili, na nyuma yake mtoto alikuwa akilia kwa sauti ndogo, kali.

“Mama? Kasemaje?”

Marlys aliitazama feni kwenye kiti cha pembeni. Ilikuwa na vumbi, mafuta, na unywele mmoja mrefu wa mvi, wake mwenyewe.

“Kasema niiache feni,” alijibu. “Nielekeze nyumba yako ilipo, mwanangu. Nimeshawasha gari.”