Mlingoti wa Bibi Jirani

Siku ile shambani kwetu Itaka tulikuwepo mimi, kifungua mimba. Mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa akisomea shahada ya pili ya misitu. Mwenye chenso, msumeno wa mashine, tuliyemkodi Tunduma. Na bibi jirani, aliyewekewa kigoda ili aone tukimlipa deni lake.

Miaka mingi nyuma, mama alimfuata baba kaburini kabla matanga hayajaanuliwa, nasi hatukuwa na ubao hata mmoja. Bibi akaangusha mlingoti wake, mkaratusi mnene, yakapatikana majeneza yote mawili. Wiki ileile nilipanda mche wa mlingoti mpakani mwa shamba, nikamwambia bibi mbele ya ukoo kwamba huo ni wake. Kisha nikaacha shule, nikauza maandazi Tunduma, nikasomesha wadogo zangu. Wanunuzi wa nguzo za umeme walipokuja kuutaka niliwafukuza, hata mwaka tuliolala njaa.

Mdogo wangu alikuwa akichunguza uimara wa mbao za milingoti. Alihitaji mti ambao umri wake haubahatishwi, na umri wa ule wa bibi nilikuwa naujua kama ninavyoujua wa kwake. Tukakubaliana achukue vipande vyembamba vya kupima maabara. Gogo lililobaki lipasuliwe mbao za jeneza la bibi.

Mti ulianguka vizuri. Mwenye chenso akakata kipande cha kwanza, akazima mashine.

“Dada, hebu njoo uone.”

Katikati hapakuwa na mti. Niliingiza mkono hadi kwapani, nikatoa udongo wa mchwa. Nje gome lilikuwa zima, majani mabichi. Miaka yote ile nilikuwa nauegemea nikipumzika.

Mdogo wangu alichuchumaa, akapitisha kidole ukingoni mwa shimo. “Dada, mimi nasomea miti,” alisema. “Kila likizo nimepita hapa.”

Bibi akainuka, akachungulia.

“Sasa mnataka kunizika kwenye mzinga? Mimi nyuki?”

“Bibi, nisamehe.”

“Nikusamehe nini, wewe ndiye mchwa? Panda mwingine. Sina haraka ya kufa.”

Mwenye chenso alicheka. Mimi sikuweza, bado nilikuwa nimeushika ule udongo.

Mdogo wangu aliondoka na vipande vyake hivyohivyo, vyenye tundu. Mvua za kwanza nilipanda mche palepale, kando ya kisiki. Sasa umenifika kiunoni. Bibi hupita akienda kanisani, anasimama kando yake kidogo, anaupima kwa fimbo yake.

“Bado,” ananiambia. “Humu siingii.”