Sahihi ya Shimo la Saba

Uwanja wa gofu wa Amborovy ulikuwa mchanga na upepo, na mimi ndiye niliyekata nyasi zake. Uhuru ulikwisha kuja, bendera ya nchi ilipepea mjini Mahajanga, lakini vibendera vya mashimo vilibaki vya Wafaransa. Meneja akaamua kupanga upya mashimo matatu ya upande wa bahari. Alitangulia na ramani, mimi nyuma na vigingi na kamba. Shimo la sita tulilisogeza bila taabu. La saba, kamba ya njia yake ilipovutwa, ilipita katikati ya jiko letu.

"Hii nyumba ni yako?" akaniuliza.

Kwetu Wangazija hilo si swali. Nyumba ni ya mwanamke. Hujengewa na watu wa kwao, mume huingia na sanduku lake. Ya mama yangu, kule Dzamandzar, Nosy Be, ilikwenda kwa dada yangu, wala sikuona ajabu. Lakini mbele ya Mfaransa yule, na wenzangu wa kazi wakisikiliza, niliona haya kusema nakaa kwa mke. Nikasema ni yangu.

Kesho yake akaleta karatasi. Nikitia sahihi, tutajengewa kwingine. Nikikataa, atatafuta mkata nyasi mwingine. Hapo nikabanwa. Kusema nilidanganya, unga unamwagika. Kusaini, natoa kisicho changu. Siku tatu nilizunguka na karatasi ile mfukoni, nikila chakula cha mke wangu bila kumtazama usoni. Siku ya nne nikasaini. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la kujipa.

Mke wangu aliposikia hakupiga kelele.

"Umesaini nyumba ya nani?"

Akajitanda shiromani, nguo ya heshima ya wanawake wa kwetu, akamchukua mjomba wake, wakaenda kwa ofisa wa serikali mpya, mtu wa Mahajanga aliyezijua mila zetu. Sahihi yangu ikafutwa. Jioni niliporudi kutoka kazini, nilikuta sanduku langu nje ya mlango.

Meneja alinuna, kisha akaipinda njia ya shimo la saba izunguke ua wa nyumba. Vigingi nilivisimika mimi. Hakunifukuza, maana nilisaini kama alivyotaka. Afadhali angenifukuza! Nililala kwenye kibanda cha zana, na kila asubuhi nilikata nyasi mpaka kwenye ua ule, nikinusa vitumbua vya mke wangu. Talaka aliidai kupitia kwa mjomba wake, nami nikaitoa.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja mpira wa mgeni ukarukia ndani ya ua.

"Nyumba ya nani hii?" mgeni akaniuliza.

"Ya mke wangu," nikasema kwa sauti, na wala sikuona haya.

Nyuma ya ua ufagio ukaacha kufagia. Nilingoja mlango ufunguke. Mpira ukarushwa juu ya ua, ukaangukia miguuni pangu, na ufagio ukaanza tena.